Picha Zilizopandana

Dukani kwake, Vagheni alikuwa amebakiwa na filimu moja tu ya nyeusi na nyeupe, na mikono miwili iliifikia pamoja. Ilikuwa siku ya soko, Butembo, mwaka wa tatu wa vita vya pili vya Kongo, na duka lilijaa watu waliokimbia mvua.

Mkono mmoja ulikuwa wa Jokébed, msichana kutoka mji wa Beni, kitenge cha manjano, tope mpaka kwenye kisigino. Mwingine ulikuwa wa kijana mrefu, shati limepigwa pasi vizuri lakini kucha zina rangi ya mafuta.

“Mama, mi njo nimefika wa kwanza,” kijana alisema.

“Mama wa nani? Unaona niko na batoto ngapi nyuma yangu?”

“Basi, mademoiselle. Iyi filimu ni ya examen.”

“Na yangu ni ya kukaangia sambaza?”

Vagheni aliegemea meza. “Ba camion habapite tena barabara ya Kanyabayonga. Filimu ingine siyue itatoka wapi. Mugawane, ao mupiganie inje, musinivunjie vioo.”

Wakagawana, kila mmoja nusu ya picha. Ndipo wakagundua kwamba wote wawili walisoma katika chuo kimoja cha sanaa, mwaka wa pili wa picha na uchoraji, bila kuonana hata siku moja. Jokébed alisoma mchana. Lusenge, ndilo jina la kijana, alichora vibao vya maduka mchana na kusoma jioni.

“Kumbe wewe njo unaachaka rangi ku kiti yetu,” Jokébed alisema.

“Na wewe njo unaachaka manukato mu chumba ya giza. Tunakohoaka juu yako.”

Tangu siku hiyo Lusenge alimngoja langoni saa ya wanafunzi wa mchana kuwapisha wa jioni. Jenereta la chuo likikubali kuwaka, alimfundisha kompyuta, jinsi ya kupanga herufi za bango na kukata picha. Jokébed alimfundisha kuchora mikono, kwa kuwa mikono aliyochora Lusenge ilifanana na mihogo. Jokébed alimwita Bwana Vibao. Kijana alimwita Lumière, yaani Mwanga, kwa sauti ya chini, hata mbele ya mwalimu.

Asubuhi ya Jokébed kwenda likizo Beni, Lusenge alimpa ile filimu dirishani mwa gari, injini ikinguruma.

“Fanya na akili, chérie.”

“Akili niko nayo kukupita.”

Njiani aliikunjua ngumi na kuitazama filimu, ncha yake, ule ulimi, ikichungulia nje ya kopo, imekunjwa. Ameniachia nianze mimi, alijisemea, na moyo ukamjaa. Kule Beni alimpiga picha baba yake, Papa Zorobabel, seremala na mzee wa kanisa la Kiprotestanti, akiwa na randa lake, mbao na maranda. Alizipiga zote za nusu yake, taratibu, kama mtu anayekula nyama ya mwisho.

Aliporudi Butembo, waliisafisha filimu pamoja. Jokébed aliiinua kwenye mwanga. Wanawake wanaoponda kokoto kule Rughenda, mada ya Lusenge, walikuwa wameketi kifuani mwa Papa Zorobabel. Nyundo ilitokea sikioni mwake. Picha zote za mwanzo zilikuwa hivyo, moja juu ya nyingine.

“Ulipiga juu ya zangu,” Lusenge alisema.

“Zako gani? Ulinipatia filimu mupya.”

“Mupya? Nilikunja ulimi yake.”

“Vagheni anakunjaka ulimi ya zote, isiingie ndani.”

“Sisi ba soir, ba jioni, filimu ya kukunja ulimi, mutu alishaanza. Unaipitisha kwanza na kifuniko ku kamera, mupaka nusu, njo unapiga. Kila mutu anajua ile.”

“Kila mutu ni nani? Sisi ba jour, filimu ni ya mutu moja.”

“Donc njo vile. Munajua tu vitu ya mupya.”

“Na nyinyi munafikiri batu bote banalala mu kichwa yenu. Kinywa ulikuwa nayo. Ungesema.”

“Ungeuliza.”

Mwalimu wao, Monsieur Stanislas, alizitazama picha kwa muda mrefu, na tumaini likawainukia kidogo. Kisha akavua miwani. “Ajali si sanaa,” alisema. Wote wawili wakapewa sifuri na ruhusa ya kurudia mwezi wa tisa, kwa picha mpya. Filimu haikuwepo mjini.

Jokébed alirudi Beni bila kumuaga Lusenge. Papa Zorobabel alipoona picha yake, akajishika sikio.

“Nilikutuma kusoma, ao kuniponda kichwa na kokoto?”

“Papa, ni makosa.”

“Makosa iko na jina. Nasikia ni mutoto wa Bakatolika. Ulifuata kijana, hapana masomo. Utakaa hapa, usaidie mama yako kuuza vitenge.”

Akakaa. Alipima vitenge na kuvikunja, na kila pindo lilimkumbusha ule ulimi. Mwezi wa nane ukaisha, ndipo ujumbe ukafika kwamba Butembo inamwita kwenye phonie, redio ya mawasiliano. Baba akavaa kofia akamfuata, ili binti asiongee na kijana peke yake.

Peke yake lilikuwa jambo gumu pale. Chumba cha redio kilijaa wachuuzi wa kahawa na akina mama wakingoja zamu, na sauti ilimfikia kila mtu. Mathe, mwenye mashine, alimpa kipaza sauti: ubonyeze ukisema, uachilie ukisikiliza, na ukimaliza useme “à toi”, yaani zamu yako.

“Jokébed, ni mimi,” sauti ya Lusenge ilikwaruza. “Nimepata filimu ku Kasindi. Ni moja. Chukua yote, mi nitarudilia mwaka. À toi.”

“Sitaki. Nikukatie mwaka, kisha nikushukuru mupaka uzee? À toi.”

“Basi nimefikiri ingine. Papa akikatala urudi, naleta mbuzi, nakuoa. Bibi anakaa kwa bwana yake. Utasomea hapa. À toi.”

Wachuuzi walimgeukia Jokébed. “Uyu iko na akili,” mama mmoja alisema.

Jokébed alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Neno hilo la ndoa alikuwa amelingoja tangu msimu wa mvua, na sasa limemjia kama ufunguo wa wizi wa kufungulia mlango.

“Lusenge, nakupenda. Beni yote inasikia, ni sawa. Mais sitaolewa juu ya kupata njia ya masomo. Masomo njo ilinileta kule, mbele nikujue. Filimu tutagawana, mi nianze. Diplôme kwanza. Ukiweza, ngoja. Ukishindwa, oa mu ba soir. À toi.”

Watu walicheka. Papa Zorobabel hakucheka. Alikuwa amevua kofia, anamtazama binti yake kama mbao aliyodhani ni laini. Redio ilikwaruza tu. Mathe akageuza kidude, akageuza tena.

“Nitangoja,” Lusenge alisema hatimaye. “Mais nimekasirika. À toi.”

Kabla Jokébed hajabonyeza, baba alimnyang’anya kipaza sauti.

“Kijana, ni Papa Zorobabel. Binti anapanda gari kesho. Masomo yake asiguse mutu, hata wewe. Zile mbuzi, ziache zikule majani kwanza.”

Akangoja jibu, kidole chake kinene bado kimekandamiza kitufe.

“Papa,” Jokébed alisema, “achilia. Iko najibu, hatumusikie.”

“Niachilie nini? Sijamaliza.”