Salamu Aliyoikosa Leshan

Hii ilimpata rafiki yangu Leshan, mpimaji wa mashamba, mwaka wa tisini na tisa, wakati ardhi ya jamii nyuma ya Kitengela ilikuwa inagawanywa. Alitumwa kitu rahisi tu: aulize jina la kijisehemu kati ya korongo na timbo la mawe. Likikosekana, ramani ingeandikwa jina la mwenye timbo, na nyanya yake Leshan alizaliwa pale!

Alizunguka mchana kutwa. Huyu anasema hajui, yule anamrudisha kwa huyu. Mwishowe mama mmoja akamkemea, "Unauliza kabla ya kusalimia? Enda uulize wenyewe," akamwonyesha boma lililohamwa zamani.

Leshan akaenda na hasira zake. Nyumba moja ilikuwa bado imesimama. Unajua nyumba zetu, hata jua likiwaka vipi, ndani ni giza totoro. Akaingia, akasikia ndama akicheua. Ndama gani, kwenye boma lisilo na watu?

"Hapa panaitwaje?" akafoka. Bado hakusalimia.

Kucheua kukakoma. Kitanda cha ngozi kikalia gizani, kama mtu anainuka polepole. Leshan akageuka atoke, na mlango wa nyumba hizo ni mfupi, lazima uinamishe kichwa.

Alipoinama, kiganja kikavu kikatua utosini mwake, kikatulia hapo, vile kwetu mzee hupokea salamu ya mtoto aliyemwinamishia kichwa.