Binti wa Seremala na Meza Sita za Mviringo

Kila asubuhi seremala alifungua karakana, akapiga chafya mbili za vumbi la mbao, kisha akachukua futi yake. Binti yake, mwanafunzi wa kompyuta, alikuwa amemwandikia programu. Unaingiza kipimo cha meza, inakupa eneo la uso wake, nawe unajua uchanganye vanishi kiasi gani. Vanishi ile ukishaitia dawa ya kugandisha, haikusubiri.

Maktaba iliagiza meza sita za mviringo. Eneo la meza ya kwanza lilitoka kubwa mno.

"Hebu angalia, mwanangu," baba alisema. "Hii ni meza, si uwanja wa mpira."

Binti akaona kosa. Baba alipima kipenyo, yaani toka ukingo hadi ukingo, lakini kanuni inataka nusu yake. Akarekebisha, na meza ya kwanza ikapakwa vizuri.

Kesho yake walichanganya vanishi ya meza tano zilizobaki. Meza zikaisha, ndoo bado imejaa! Kufika mchana ilikuwa jiwe. Vanishi ya mkono wa pili, yaani ya kupaka mara ya pili, haikubaki hata tone.

"Baba, umekosea kupima," binti alisema mbele ya mafundi wote wa karakana. "Programu haikosei."

Baba alichukua futi yake, akarudi kwenye meza. Msimamizi wa maktaba alipofuata meza zake, baba alimwambia, "Nisamehe, mama. Nilipima vibaya. Nipe siku tatu."

Mafundi waliinamisha macho. Kwa miaka thelathini hawakuwahi kumsikia akisema hivyo.

Jioni binti alimwonyesha jirani yao programu, akamsimulia alivyorekebisha kosa la kipenyo. Jirani huyo alikuwa mwalimu wa kompyuta, na binti, tuseme kweli, alitaka sifa.

"Mbona kanuni moja umeiandika mara sita?" mwalimu aliuliza.

"Niliinakili. Meza ni sita."

"Na uliporekebisha, ulirekebisha ngapi?"

Binti alisoma mstari wa pili, wa tatu, hadi wa sita. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Moja tu," alisema.

Mwalimu hakumcheka. "Haraka haraka haina baraka. Andika hesabu mara moja, uipe jina: eneoLaMviringo. Hiyo ndiyo methodi. Ndani yake gawa kipenyo kwa mbili, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha kwa 3.14. Kwa kila meza unaita jina hilo, unaliingizia kipenyo, linakurudishia eneo. Ukikosea, unasahihisha pahali pamoja tu."

"Na meza za mstatili?"

"Methodi yake, jina lake: urefu mara upana. Na usiiamini kabla ya kuijaribu. Kipenyo cha mita mbili lazima kitoe 3.14."

Binti aliandika, akajaribu. Ikatoka 3.14. Hakufurahi. Jibu sahihi lilimwaibisha zaidi.

Asubuhi alisimama mbele ya mafundi wote. "Baba, vipimo vyako vilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekosea, halafu nikakuaibisha. Nisamehe."

"Nilijua," baba alisema. "Nilizipima tena siku ile ile."

"Sasa mbona ulisema ni wewe?"

"Karakana ni yangu, na wewe ni wangu. Haya, lete vipimo."

Wakachanganya vanishi upya kwa hesabu ya methodi. Meza ya sita ilipopata mkono wa pili, ndoo ilikuwa tupu. Siku ya tatu wakapakia meza, na binti akapanda garini.

"Wewe unakwenda wapi?" baba aliuliza.

"Maktaba. Yule mama bado anaamini kwamba hujui kupima."