Jina Walilolitaja Kila Magharibi

Jioni hiyo jibu lilitangulia swali.

Tunu alikuwa bado anazungusha kitufe cha sauti kwenye simu ya upepo, hajabonyeza hata pa kuongelea, aliposikia sauti ya mumewe ikisema, "Zena." Kisha kimya, na ule mlio wa chwaa kama mvua inayonyesha kwenye kijiji cha jirani. Akakitazama kipaza sauti mkononi mwake. Utaratibu wa nyumba ulijulikana: Hilali anaita kutoka barabarani, Tunu anamuuliza neno, Hilali analitaja, Tunu analirudia, ndipo mazungumzo yanaanza. Hakuna aliyewahi kulitaja kabla ya kuulizwa. Lakini maharage yalikuwa motoni, na mwanamke mwenye maharage motoni hana muda wa kuchunguza adabu za mitambo.

"Zena," akarudia. "Nakupata. Ova."

Mwaka ule, tisini na saba, barabara ya Kasulu kwenda Kibondo ilikuwa na watekaji, na kila mwenye gari alikuwa na hadithi ya kusimamishwa porini. Hilali alikuwa na lori moja lililopeleka chumvi na maharage kwenye ghala lake la Kibondo. Alipoona watu wa mashirika ya wakimbizi wanatembea na simu za upepo, naye akafunga: moja ndani ya lori, nyingine nyumbani Kasulu, juu ya kabati la vyombo, ikila umeme wa betri ya gari, waya wa antena umevutwa kutoka paani hadi kwenye mkaratusi wa nyuma.

Fundi alikuwa Pasikali, aliyejifunza kazi hiyo kambini na ambaye hakuwahi kukaza skrubu bila kutoa hotuba. Aliwaeleza kwamba anga halina ukuta. Mwenye redio yoyote anaweza kusikiliza, na mwenye hila anaweza kujifanya Hilali akauliza lori liko wapi au nyumbani kuna nani. Kwa hiyo wawe na neno la siri. Liwe refu, lisiwe na maana kwa mtu mwingine, lisiwe jina la mke wala mtoto wala mji, na walibadilishe mara kwa mara. Hilali alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa habari za juzi, kisha akachagua jina la mkewe aliyefariki.

"Hilo sitalisahau," alisema.

Tunu aliendelea kupanga vyombo kabatini. Aliolewa mwaka uliofuata mazishi ya Zena, akamkuta binti wa marehemu, Siti, mtoto mdogo asiyesema na mtu, anayekula amegeukia ukutani. Ilichukua misimu miwili ya mvua kabla mtoto hajamwita mama. Siku alipomwita, Tunu aliingia stoo akalia juu ya magunia ya maharage, kisha akatoka akampigia kelele kuhusu viatu, ili asijue. Vingine vyote ndani ya nyumba ile vilikuwa vya Hilali. Siti alikuwa wake. Kama bei ya kuwa naye ilikuwa kulitaja jina la marehemu kila magharibi, basi angelitaja. Kumwonea wivu maiti aliona ni upuuzi, akaumeza wivu huo, ingawa haukushuka vizuri.

Aliyeshtuka wa kwanza alikuwa jirani yao Kezia, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Alikuja kuazima ungo jua likizama, akasikia jina likitajwa na kurudiwa. Alimwambia Tunu, kwa sauti ya chini, kwamba kwao mtu akiitwa magharibi haitiki mara ya kwanza, hata kama ni mama yake anayeita. Anangoja aitwe tena. Wasio watu huita mara moja tu.

"Na ninyi, Mana yanje, Mungu wangu, mnamwita wenyewe," alisema. "Kwa jina lake, saa yake, kila siku. Halafu akiita mnaitika papo hapo."

Tunu alicheka. Akamweleza kwamba kwenye simu ya upepo usipoitika haraka, mwenzako anadhani umetekwa. Kezia akachukua ungo akaondoka bila kunywa chai, na Kezia si mtu wa kuacha chai.

Safari hiyo Hilali alikaa sana Kibondo akingoja kipuri cha gia boksi. Sauti yake ilikuja kila jioni, ikitangulia kusema neno, na ilikuwa na habari moja tu ya kuuliza: mtoto. Ameshindaje. Analala chumba gani. Kichwa anakielekeza mlangoni au dirishani. Bado anaogopa giza? Tunu alijibu yote. Hilali hakuwahi kuuliza hata namba ya kiatu cha binti yake, na Tunu akadhani umbali umemfundisha ubaba. Neno lilikuwa sahihi. Angeshuku nini?

Alianza kuona mambo madogo. Nyuma ya sauti ile hapakuwa na injini wala mbwa wala mtu anayekohoa, na Hilali alikuwa mvutaji wa kukohoa. Halafu ikaja harufu. Mwanzoni alidhani ni panya amekufa nyuma ya kabati. Akalisogeza, akafagia, akapiga deki kwa maji ya sabuni, lakini harufu ilikuwa inatoka kwenye matundu ya simu yenyewe, harufu ya karafuu maiti na udongo uliofukuliwa asubuhi, nayo iliongezeka kila sauti ilipoongea na kupungua ilipokaa kimya, kama vile kinachoongea kilikuwa na mdomo na mdomo huo umeegeshwa pale pale, upande wa pili wa bati, ukingoja kuulizwa.

Jioni ya mwisho ukungu ulishuka mapema kutoka milimani. Tunu aliwasha taa ya chemli, akamwambia Siti avue nguo za shule. Simu ikakoroma.

"Zena. Nimefika mjini, niko karibu na geti. Mtoe mtoto anipokee. Ova."

Alifurahi, huo ndio ukweli aliokuja kuuona aibu baadaye. Alimwita Siti, akamwambia baba amerudi, akimbie getini. Mtoto alikuwa tayari amevaa viatu na amekaa ukingoni mwa kitanda, kama aliyekwishaambiwa na mtu mwingine. Akatoka. Tunu akabaki anachota maji ya kuoga ya mume, akasikia lori likinguruma kwa mbali, likipanda kutoka upande wa sokoni, likikaribia taratibu, likazima nyuma ya nyumba, na mlango wa jikoni ukafunguliwa, akaingia Hilali, ana vumbi hadi kwenye nyusi, anakohoa.

"Nimekuita tangu nikiwa njiani Kumsenga, mama Siti," akasema, amechoka na amekasirika. "Wiki nzima nakuita. Ulikuwa unafanya nini hapa?"

Na kutoka sebuleni, juu ya kabati la vyombo, sauti ya Hilali ikasema, polepole, kwa upole ambao Hilali mwenyewe hakuwa nao, "Nimempata. Ova."

Ndoo ikamwanguka Tunu. Alikimbia kupitia sebuleni, akaona Hilali nyuma yake anang'oa nyaya za betri kwa mikono miwili, akaona taa ndogo nyekundu ya simu inazimika, na bado sauti ile iliendelea kuongea bila umeme wowote, haikuvuta pumzi, ikisema mtoto amekua, mtoto ana mkono wa baridi, njia si ndefu, naye akatoka nje kwenye ukungu uliokuwa mzito kama maziwa, hauoni hatua mbili, akifuata sauti ya viatu vidogo vya shule vinavyokwenda bila haraka kwenye changarawe, hadi alipomwona Siti ameshapita geti, anatembea kuelekea makaburini, mkono wake wa kulia umenyooshwa juu, juu kabisa, kiganja kimefumbwa, kama anavyotembea mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mrefu sana.

Hakukuwa na mtu.

Tunu alimkumbatia kiunoni akamvuta. Mkono ule haukushuka. Alivuta tena, akahisi kwamba upande wa pili nako kuna anayevuta, wala si kwa nguvu, ila kwa uhakika wa mwenye mali yake. Hakujua kisomo chochote kirefu. Akakisema kile kimoja anachokijua kila mtu, tena na tena, amezika uso wake kwenye nywele za mtoto, mpaka mkono ukaanguka ghafla na wote wawili wakaketi chini kwenye tope.

Asubuhi Hilali alisema ni majambazi. Wana redio, wamesikia neno, wameigiza sauti yake. Alilisema kwa ukali na mara nyingi, na muda wote hakulisogelea kabati. Pasikali akaitwa. Alifungua simu, akapima, akanusa, akafunga tena bila kutoa hotuba. Akauliza kama kweli betri ilikuwa imeng'olewa. Alipoambiwa ndiyo, akakusanya vifaa vyake.

"Hapa mzee mimi siyo fundi," alisema. Hakudai nauli.

Kasulu haikukosa waganga wenye kanzu za kijani na picha za majini ukutani, ambao wangetaka mbuzi mweusi na maelezo marefu. Kezia akasema hao waachwe, akawapeleka kijiji cha Titye kwa Bi Asmahani, mama mmoja aliyezaliwa Ujiji akaolewa huku juu, ambaye walimkuta anapalilia mihogo yake, na aliyewasikiliza bila kuweka jembe chini.

"Hilo neno lenu," aliuliza mwisho, "nani analijua?"

Hilali akasema ni wao wawili tu.

"Na mji mzima uliokuja mazikoni." Bi Asmahani akamtazama Hilali. "Huyu hakuvunja kitu, mwanangu. Ninyi mlisimama mlangoni kila magharibi mkitangaza jina la kuingilia. Naye akalivaa."

"Ni yeye Zena?" Hilali aliuliza.

"Usimsingizie marehemu. Zena yupo kwa Mola wake. Huyu alikuwa anapita, akasikia jina linaitwa na halina mtu ndani yake."

Alikuja nao Kasulu mchana ule. Alisoma chumba kwa chumba, akanyunyiza maji ya kisomo kizingitini, dirishani, na kwa mkono wake mwenyewe akaupaka waya wa antena mafuta aliyoyasomea, hadi harufu ya karafuu maiti ikatoka kwenye matundu ya simu kwa mkupuo mmoja, kama pumzi iliyoshikiliwa muda mrefu, ikapotea. Hilali akataka kuiuza simu. Bi Asmahani akamkatalia. Nyumba huyo ameshaijua, alisema. Afadhali agonge mahali mnapomsikia. Kisomo kimemtoa. Kumzuia asirudi ni kazi yao: watafute neno jingine, refu, lisilo jina la aliye hai wala aliyekufa, wasiliandike, wasimwambie mtu.

"Hata mimi msiniambie," alisema. "Sitaki kulijua."

Hapo ndipo Hilali alipokaa chini kwenye kizingiti, mtu mzima na lori lake. Alikuwa akitazama mikono yake.

"Nikiliacha jina hilo, Bibi, nani atabaki wa kulitaja?"

Bi Asmahani hakumwonea haya wala huruma ya maneno. Akamwambia alitaje kwenye dua, mchana kweupe, na amtajie binti yake anapotaka kujua mamake alikuwa nani, jambo ambalo kwa kumtazama mtoto yule alijua halijafanyika hata mara moja.  Tunu akaweka mkono begani mwa mumewe, na kwa mara ya kwanza ule wivu ukashuka wote.

Neno jipya walilitengeneza shambani, katikati ya maharage, jua la utosini. Tunu ndiye aliyelitunga. Lilikuwa na kipande cha Kiha, kipande kisicho na lugha, na namba katikati ambayo haikuwa tarehe ya mtu yeyote. Hilali alilalamika kwamba ni refu kama sala ya Ijumaa. Tunu akamlazimisha alirudie kwa kunong'ona mpaka ulimi ukazoea, wakarudi nyumbani.

Magharibi ya kwanza Hilali alikuwa ameketi kando yake, mikono magotini, simu ilipokoroma kwa sauti yake.

"Zena."

Tunu alibonyeza. "Neno silo. Ova."

Kimya. Chwaa. "Siti."

"Neno silo. Ova."

Ikajaribu Tunu. Ikajaribu Hilali. Ikataja Kasulu, Kibondo, jina la lori. Ikataja mama yake Hilali, aliyefia Ujiji, na baba yake, na babu ambaye Hilali mwenyewe ilibidi afikiri ndipo amkumbuke, kisha wafu wa upande wa Tunu, mmoja mmoja, kwa mpangilio, bila hasira, kama mtu aliyekaa chini na kicha cha funguo na hana safari nyingine, na kila jina Tunu alilijibu vilevile, jasho likimtiririka mgongoni, mpaka nje kukawa giza kabisa na simu ikanyamaza katikati ya jina.

Jioni iliyofuata haikuita. Wala ile nyingine. Hilali alirudi barabarani, akaita kwa neno jipya, akakosea, akagombezwa, akalipatia. Kikohozi chake kilisikika vizuri. Siti alianza tena kucheza rede na watoto wa Kezia, na usiku alilala bila kushtuka. Tunu akaanza kuimba jikoni.

Ilikuwa jioni ya kawaida tu, anamfunika mtoto shuka, simu imezimwa sebuleni, Siti alipomuuliza neno lao jipya ni lipi.

Tunu akauliza la nini.

"Anataka kujua," Siti alisema. Macho yake yalikuwa ukutani, pale alipokuwa akigeukia zamani alipokula. "Anasema wewe humwambii. Amesema nikuulize mimi."

 Tunu aliinama akalikaza shuka, taratibu, pande zote, kana kwamba kitambaa kinaweza kuzuia kitu.

"Mwambie mama amelisahau," alisema.

Siti aligeuza uso ukutani, akanong'ona. Akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu kuliko anavyoweza kukaa kimya mtoto wa umri ule, halafu akatikisa kichwa kukubali.

"Sawa," akasema, na hakuwa akimwambia Tunu.