Herufi ya Kanuni ya Saba

Asubuhi waliyokutana, uwanja wa kuegesha magari wa jengo la maduka ulikuwa umefurika, honi kila upande. Msimamizi wa uwanja, mwenye koti la manjano, aligonga kioo cha gari dogo jekundu kwa hofu.

"Dada! Uko hai?"

Nesi aliyelala ndani alifumbua jicho moja. "Nilikuwa hai zaidi kabla hujagonga."

Alikuwa ametoka zamu ya usiku, na kwao ni mwendo wa saa nzima. Aliwahi kusinzia kwenye usukani akaparamia ukingo wa barabara, akaapa hatarudia. Msimamizi akamtengea nafasi ya kivulini, na kwa miezi minane akamlindia usingizi kama mboni ya jicho. Mapenzi yakaota hapohapo, kwa vikaratasi vya "lala salama, laazizi" vilivyobanwa chini ya waipa.

Leo kilichomwamsha ni rungu juu ya boneti.

"Toka! Hujui kusoma?" Mlinzi mgeni alielekeza kidole kwenye kibao kipya cha kanuni. Wanunuzi wakasimama na mifuko yao kutazama sinema ya bure.

Rangi ilikuwa bado mbichi. Kanuni ya saba: NI MARUFUKU KULALA. Nesi aliujua mwandiko, ni ule ule wa vikaratasi. Hakusoma zaidi, damu ilishamchemka.

Simu ikaita, jina la msimamizi kwenye kioo. Akaikata. Ikaita tena, akaikata tena. Ya tano aliipokea ili agombe vizuri.

"Kumbe nimekuchosha! Si ungeniambia usoni? Umeniandikia kwenye kibao kama mwizi!"

"Mpenzi, nipo stoo naosha brashi, kuna nini?"

"Usiniite mpenzi! Njoo uone kazi yako!"

Msimamizi alikuja mbio, brashi mkononi, vidole vimejaa rangi.

"Soma mpaka mwisho," alisema.

"Sisomi."

"Soma, mwanamke mkaidi wewe!" Sasa na yeye alikuwa amekasirika.

Akasoma kwa sauti, kwa kejeli: "Ni marufuku kulala gari hapa." Akasogelea kibao. "Kulala gari? Kiswahili gani hiki?"

Msimamizi alikitazama kibao, akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Kulaza! Mwenye jengo alisema kulaza gari. Watu wanatelekeza magari yao wiki nzima."

"Na hiyo zedi imekwenda wapi?"

"Nilikuwa naandika huku nakutazama. Umelala pale kivulini, mdomo wazi..."

"Mdomo wazi?"

"Mkono ukaandika nilichokuwa nakiona."

Watu wakaangua kicheko. Nesi hakucheka.

"Kwa herufi moja nimegongewa rungu mbele ya umati."

"Nimekosa, nisamehe. Lakini hata usingizi wa garini mimi umenichosha. Kwangu ni pale nyuma, dakika tatu kwa miguu. Sitaki uje kwa kunyata. Nataka shangazi yangu aende kwenu, uje ulale kitandani kwako kwa heshima."

Nesi akaichukua brashi mkononi mwa msimamizi na kumrudishia kwa kishindo.

"Andika zedi kwanza. Kubwa, huyu mwenye rungu aione kutoka getini. Ikikauka, mtume shangazi."

Akarudi garini, akapandisha kioo, akalala. Mlinzi mgeni alipopita, alipita kwa kunyata.