Sista Romana Afungua Kitabu Mbele ya Wagonjwa

Sista Romana alikuwa mkunga hodari, na yeye mwenyewe alilijua hilo kabla hujamwambia. Kila asubuhi alitoka kwake Bagara kwa miguu, gauni lake jeupe limepigwa pasi barabara, akiitikia shikamoo njia nzima. Watoto wengi wa mtaa ule walizaliwa mikononi mwake. Alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa katika hospitali yetu ndogo ya mjini Babati.

Mimi nilikuwa chumba cha kufulia mashuka. Mfua mashuka huingia kila wodi na hakuna anayemwangalia, kwa hiyo haya ninayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu.

Ilikuwa mwaka 2005. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na fomu nyingine tulizojaza zilikuwa bado na jina la Mkoa wa Arusha. Watumishi wapya walikuja kila mwezi. Mmoja wao alikuwa Hatibu, mtoto wa muuza vitambaa wa Maisaka, aliyesomea ukutubi. Kazi yake ilikuwa kutunza vitabu na kuwatafutia watu majibu. Alipewa chumba kilichokuwa stoo ya mablanketi, makabati matatu, kompyuta moja, na maboksi ya vitabu ambayo hayajafunguliwa. Juu ya mlango akabandika karatasi: MAKTABA YA WATUMISHI WOTE.

Hatukwenda. Waliokwenda ni wachache waliokuwa wanajiandaa kwa mitihani, na hao walitaka meza tu. Sisi wengine tulikuwa na imani moja ambayo naona aibu kuiandika. Tuliamini kwamba mtumishi anayefungua kitabu mbele ya mgonjwa hajui kazi yake. Wagonjwa nao waliamini hivyo hivyo. Wakimwona daktari anapekua kurasa, walitazamana, na kesho yake hukuwaona tena.

Hatibu hakukata tamaa. Aliweka daftari kila wodi, akalifunga kwa kamba ukutani ili lisitembee. Akatueleza kwamba mtu yeyote mwenye swali la kazi aliandike humo, na yeye atalitafutia jibu. Si lazima uandike jina. Wiki tatu zilipita, na swali lililoandikwa lilikuwa moja tu. Mtani mmoja aliuliza nani atashinda Jumamosi, Simba au Yanga. Hatibu alijibu kwa maandishi mazuri kabisa kwamba ametafuta makabati yote matatu na hajapata.

Basi, Jumatatu moja ya mwezi wa Juni, baridi ya Babati ikiwa imekaza, Domitila aliletwa kutoka Singe. Mume wake, Anselimu, alikuwa mkulima wa mahindi na maharage. Mimba ilikuwa ya miezi saba tu, na uchungu haukusubiri. Alijifungua mtoto wa kiume, njiti, kilo moja na gramu mia sita.

Huyo hakuwa mtoto wao wa kwanza kuzaliwa kabla ya wakati. Wa kwanza alizaliwa miaka miwili nyuma, akafa siku ya tatu. Mama yake Anselimu, ambaye wote tulimwita Mama Anselimu, alikuja na kukaa kwenye benchi pembeni ya kitanda. Alimtazama mjukuu wake tu.

Hatukuwa na mashine ya kupashia watoto joto. Sista Romana alifanya alivyofundishwa. Alijaza maji ya moto kwenye chupa, akazifunga vitambaa, akazipanga pembeni ya mtoto. Akamfunika mablanketi mawili. Lakini chupa hupoa. Ukichelewa kidogo mtoto naye anapoa, na ukiharakisha maji yanakuwa ya moto mno, unaweza kumchoma. Jumanne asubuhi kipimajoto kilionyesha nyuzi thelathini na tano. Mtoto mwenye afya huwa na thelathini na sita na nusu au zaidi kidogo.

Dakta Aminiel, mganga wetu, alifikiria kumpeleka hospitali kubwa. Akasema ukweli wake: safari ni ndefu, na mtoto baridi kiasi kile hataimaliza. Kwanza apate joto.

Sista Romana alibadilisha chupa tena. Ndipo Mama Anselimu akafungua mdomo.

"Yule wa kwanza alianza hivi hivi," alisema.

Nilikuwa nakusanya mashuka machafu, nikasimama. Sista Romana aliweka chupa chini. Alikwenda ukutani kwenye daftari la Hatibu. Akaangalia huku na huku kama mtu anayeonja mboga kwenye sufuria ya jirani, kisha akaandika haraka: Njiti wa kilo 1.6 anapoa. Hakuna mashine. Chupa hazisaidii. Nifanye nini? Hakuandika jina.

Hatibu alipita saa nne. Alisoma, akatazama kitanda cha Domitila, akamtazama Sista. Hakuuliza nani ameandika. Alichomoa kalamu sikioni, akanakili swali, akaondoka kwa hatua ndefu. Nilimfuata, maana nilikuwa na mashuka ya kupeleka upande ule, na pia, niseme kweli, nilitaka kuona.

Kitabu cha kwanza cha ukunga alichofungua kilisema chupa za maji ya moto. Hatibu akageuza ukurasa wa mbele, akanionyesha mwaka kilipochapwa.

"Kimechapwa mwaka niliozaliwa mimi," alisema. "Unaposoma kitabu cha tiba, anza na mwaka."

Akakirudisha kabatini. Akawasha kompyuta na kuiunganisha kwa waya wa simu. Ikapiga kelele zake, ikakatika, akaunganisha tena. Akaandika maneno ya swali. Tulisubiri ukurasa ufunguke mstari kwa mstari, na mimi sikumbuki kama nilikuwa nimeweka mashuka chini. Likatokea jina la mwongozo mpya wa kutunza njiti mahali pasipo na mashine. Hatibu alilisoma jina lile mara mbili, akapiga goti kwenye maboksi. Alikuwa ameliona kwenye orodha ya vitabu vilivyoletwa. Alichana boksi la kwanza, la pili, la tatu. Kikatoka kitabu chembamba, kipya, bado kinanuka wino.

Hatibu alikuwa mtu asiyekimbia hata mvua ikimnyeshea. Siku ile alikimbia.

Alimwita Sista Romana na Dakta Aminiel chumba cha dawa, akaweka kitabu mezani kikiwa kimefunguliwa.

"Mimi sijui watoto," alisema. "Kazi yangu ni kutafuta. Kitabu ni cha juzi na waliokiandika wanajulikana. Kama kinamfaa mtoto huyu, mtaamua ninyi."

Walisoma vichwa vimegusana. Dakta akauliza kama mtoto anapumua vizuri. Sista akasema anapumua vizuri, na akipewa maziwa kwa kikombe anameza. Dakta akagonga ukurasa kwa kidole.

"Basi leo leo," alisema. "Sasa hivi."

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani wenyewe. Maelekezo yalikuwa mengi, na kukosea moja ni hatari. Sista Romana hakuweza kuyashika yote kichwani. Nilimwona amesimama mlangoni mwa wodi, kitabu amekibana kwapani chini ya sweta. Wodi ilikuwa imejaa. Alivuta pumzi, akakitoa, akatembea nacho kimefunguliwa mpaka kitanda cha Domitila.

Wagonjwa wakatazamana.

"Nesi," akasema Mama Anselimu, "unasoma? Kwa hiyo hujui."

"Ndiyo mama, sikujua," akasema Sista Romana. "Ninayoyajua mimi nimeyafanya tangu jana na mtoto bado ni baridi. Sasa nasoma ili nisikosee. Nitasoma kwa sauti, na wewe usikie kila neno."

Akasoma, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili. Mtoto avuliwe nguo, abaki na nepi, kofia na soksi. Alazwe wima kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, katikati ya matiti. Kichwa kigeuzwe upande mmoja, shingo isipinde, ili apumue vizuri. Miguu ikunjwe kama ya chura. Kisha wote wawili wafungwe kwa kitenge, kisilegee wala kisibane, na mama avae sweta juu. Akae hivyo mchana na usiku. Anyonye au akamuliwe maziwa kila baada ya saa mbili. Njia hiyo inaitwa ya kangaruu, kwa sababu kuna mnyama wa nchi za mbali anayebeba mtoto wake kwenye mfuko wa tumboni.

Mama Anselimu aliposikia mnyama, alisimama. Alisema mjukuu wake si mnyama, na kwamba kumvua nguo mtoto anayekufa kwa baridi ni jambo ambalo hajawahi kulisikia. Akataka kuendelea, lakini Domitila alikuwa ameshafungua vifungo vya blauzi yake.

"Nipeni mtoto wangu," alisema.

Wakamfunga kama kitabu kilivyosema. Sista aliangalia picha, akamwangalia mtoto, akarekebisha shingo, akaangalia picha tena. Mama Anselimu naye akajikuta anachungulia picha.

Baada ya saa moja Sista Romana alipima joto. Akakitazama kipimajoto, akaenda nacho dirishani, akakitazama tena. Thelathini na sita. Saa nyingine ikapita: thelathini na sita na nusu. Alirudi kitandani karibu acheze. Domitila alianza kulia kwa furaha, na sisi tuliokuwa tunajifanya tuna kazi pale tukalia naye. Mama Anselimu aliweka kiganja mgongoni kwa mjukuu wake, juu ya kitenge, akakiacha pale muda mrefu.

Kitabu kilisema pia kwamba mama akitaka kuoga au kupumzika, baba anaweza kupokea. Anselimu hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alivua shati lake, akanawa, akafungwa mtoto. Wanaume waliokuja kuona wagonjwa walimcheka, wakamuuliza kama naye atanyonyesha.

"Ningeweza ningenyonyesha," akawajibu.

Siku za kwanza uzito ulipungua kidogo. Tuliogopa, lakini Sista alitusomea kwamba njiti wengi hupungua mwanzoni. Siku ya nane ukapanda gramu kumi. Kesho yake ishirini. Basi ikawa kila asubuhi saa mbili watu wanasogea kwenye mizani: wauguzi, wapishi, mlinzi, na mimi na beseni langu. Sista alikuwa anatangaza gramu kama mtu anayetangaza mpira redioni. Baada ya wiki tatu mtoto ananyonya mwenyewe, ana kilo moja na gramu mia tisa. Dakta akawaruhusu kwenda Singe, kwa sharti waendelee kumbeba kifuani na kumleta kupimwa kila wiki.

Madaftari ya Hatibu nayo yalijaa. Mtu wa maabara aliuliza lake, mpishi aliuliza kuhusu chakula cha wenye kisukari. Mimi niliuliza mbona madoa ya damu hayatoki kwenye mashuka ninayochemsha kila siku. Jibu likaja kesho yake: usianze na maji ya moto, loweka kwanza kwenye maji ya baridi. Miaka yote ile nilikuwa napika madoa. Kila Jumanne mchana tulianza kukutana maktaba nusu saa, mmoja anasoma na wengine tunasikiliza. Dakta Aminiel akaanza kufungua kitabu mbele ya wagonjwa na kuwaeleza anachotafuta. Mwanzoni walishangaa. Baadaye waliomba waonyeshwe picha.

Mwisho wa Agosti familia ile ilirudi kabla ya siku yao. Waliingia kwa haraka, Mama Anselimu mbele, uso umekunjamana. Anselimu alikuwa amembeba mtoto ndani ya sweta. Domitila alieleza huku anahema: tangu juzi mtoto amekataa kifua. Wakimfunga anajinyonganyonga, anatoa mikono, anapiga mateke, analia mpaka afunguliwe. Walihofu anaumwa.

Sista Romana alimpima joto, likawa sawa. Akamweka kwenye mizani: kilo mbili na gramu mia sita. Akatabasamu, akafungua mdomo kusema.

"Usiniambie hivi hivi," akamkatisha Mama Anselimu. "Lete kitabu."

Sista akaenda mwenyewe maktaba na kurudi nacho. Akasoma polepole, kidole mstarini. Mtoto akianza kujinyoosha, kutoa mikono na miguu nje, na kulia kila anapofungwa, ina maana amekua vya kutosha. Hahitaji tena kubebwa hivyo. Mwacheni.

Mama Anselimu aliomba asome tena. Aliposikia mara ya pili akakaa kwenye benchi, akafunika uso kwa khanga, na mabega yakatikisika. Domitila akamshika mkono.

Mtoto hakuwangoja. Anselimu alikuwa amemrudisha ndani ya sweta kwa mazoea tu, na sasa mguu mdogo ulikuwa umechomoza kwenye shingo ya sweta, unapiga teke. Anselimu alifungua kitenge taratibu, akamlaza kitandani. Mtoto akajinyoosha mikono na miguu, akanyamaza, akatazama dari.

Anselimu alibaki amesimama, sweta wazi, mikono haijui iende wapi.

"Kifua kimekuwa baridi," alisema, na hakuna aliyemcheka.