Ukuta wa Kauli

Taa mia na ishirini ziliwaka kijani kwenye Ukuta wa Kauli, na hapo hapo Bi Semeni akawa amefukuzwa Mnara wa Nne. Ukuta ule wa kioo ulikuwa umefuta kelele za vikaoni: mkazi anabonyeza kitufe kitini pake, nyekundu abaki, kijani aondoke, na taa yake inawaka ukutani wote waione. Taa huwaka moja baada ya nyingine kwa dakika moja, dakika ya kujirudi: anayetaka kubadili hubonyeza tena, hata kabla taa yake haijawaka.

Atuganile, fundi wa ukuta huo, hakuridhika hata chembe. Ati mnara mzima uamini kwamba bibi wa miaka sabini anaiba maji ya tangi? Bibi aliyewalelea nusu yao watoto? Thubutu! Hapa kuna mkono wa mtu, alijiambia. Aliyemshuku ni Mzee Chaula, mwenyekiti, maana mashine iliundwa kwa adabu za watu wa pale: taa ya mwenyekiti hutangulia, zinafuata za wazee, ndipo za wengine.

Alipobaki peke yake ukumbini alifungua kumbukumbu za mashine. Akatafuta waya uliochezewa, akatafuta amri ya siri. Hola. Mashine ilikuwa safi. Ila kauli za mwanzo, zilizobonyezwa kabla taa yoyote haijawaka, zilimtoa jasho: nyekundu mia moja na kumi na tisa. Kijani ilikuwa moja tu, ya Chaula. Wengine wote waligeuka katika dakika ya kujirudi, kabla taa zao hazijawaka.

Akamfuata mzee nyumbani kwake, hasira zimempanda.

"Shikamoo, Mzee. Bi Semeni amekukosea nini?"

"Marahaba, mwanangu. Hajanikosea kitu."

"Mbona ulibonyeza kijani?"

Mzee akainamisha kichwa. "Nilikosea kitufe. Taa ilipowaka nikashtuka, nikataka kubadili. Kutazama hivi, ukuta mzima kijani! Nikasema basi, wenzangu wanajua jambo nisilolijua."

"Hakuna aliyejua kitu, Mzee. Wote walianza na nyekundu."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Sasa ulibadili kwa nini, wewe mwenye mashine yako?"

"Nilikuona wewe," alisema Atuganile, na aibu ikamjaa usoni.

Kutoka dirishani walimwona Bi Semeni chini uani, akipakia godoro lake kwenye gari lisilo na dereva. Wakazi walijaa vibarazani wakimtazama. Hakuna aliyeshuka kumsaidia.

Atuganile alishika kitasa cha mlango. "Twende tukamzuie, Mzee."

"Tangulia, mwanangu. Nakuja."

Atuganile akasimama pale pale mlangoni, akimngoja mzee atangulie.