Nilivyouosha Mtambo wa Mama

"Kaka, nakuomba! Huo wa mama usiutie humo!"

Mdogo wangu wa kike alining'ang'ania mkono. Mbele yetu beseni la spiriti ya kutolea rangi. Mkononi mwangu mtambo wa vita wa kuchezea alioupaka rangi mama yetu kabla macho yake hayajazimika.

Nikautumbukiza. Chubwi!

Ndugu zangu wa humu, mnaotaka kunitukana subirini nimalize. Nafasi mtapata.

Nyumbani kwetu tunacheza vita vya mezani. Vikosi vya sanamu, kete, futi ya kupimia. Mimi nilikuwa na mtambo wangu, nauita Jitu. Limesimama juu kuliko chupa ya maji!

Miezi minane nililihangaikia. Magoti nimelitengenezea kwa springi za kalamu. Rangi ya kutu nimeipaka kwa kipande cha sponji, doa moja moja, mpaka shingo yangu ikakakamaa. Jumamosi lilikuwa linaingia mashindanoni.

Ijumaa asubuhi nikalipulizia vanishi, nikaenda kazini.

Narudi mchana... mdogo wangu huyo anatoka chumbani kwangu, kaukumbatia mtambo wa mama. Nikachungulia ndani. Mungu wangu! Jitu lote jeupe! Utando kama wa kioo cha bafuni umemeza rangi yote.

"Umelifanya nini Jitu langu?"

"Sijaligusa! Nimefuata huu tu, nampelekea mama."

"Mama haoni! Wa nini?"

"Huwa anauomba, kaka. Kila ukienda kazini..."

"Koma! Mezani umenishindwa, sasa unajificha nyuma ya mama?"

Nami hasira zikanipanda, nikaupokonya.

Sitawadanganya. Mitambo ya kwake mwenyewe ilikuwepo rafuni, mitatu. Nilichagua wa mama kwa sababu nilijua ndio utakaomuuma.

Baada ya kuutumbukiza, nikausugua kwa mswaki, taratibu, ili aone vizuri. Nyekundu ikatoka. Dhahabu ikatoka. Ikabaki plastiki ya kijivu.

Na nilisikia raha!

"Haya," nikamwambia. "Mpelekee mama."

Hakulia. Aliupokea ukiwa unachuruzika, akaufuta kwa kanga yake, akaondoka.

Nikalibeba Jitu hadi kwa mwenye duka la michezo, mzee aliyetufundisha sote kushika brashi. Nilitaka anishauri nianzie wapi kulitengeneza. Akalitazama, akacheka.

"Vanishi umepuliza lini?"

"Leo asubuhi."

"Na mvua ile?"

"Nilipulizia dirishani..."

"Basi umejiroga mwenyewe. Hewa ikiwa na unyevu, vanishi hukauka nyeupe. Hakuna aliyekugusia kitu."

Akachovya brashi kwenye mafuta ya kula, akapitisha begani mwa Jitu. Nyekundu ikarudi. Akapitisha kifuani. Kutu yangu yote, doa kwa doa, ikarudi!

Nikakaa chini palepale dukani, wateja wakinitazama.

Nilirudi nyumbani mbio, nikiwa nimepanga maneno ya kuomba radhi. Nikamkuta mama kwenye kochi, mtambo mapajani. Mdogo wangu kakaa pembeni, macho yamemvimba.

Vidole vya mama vilikuwa vinapita juu ya mtambo. Vinapita... vinasimama... vinarudi.

"Mbona mmenipa mwingine?"

"Ni uleule, mama," mdogo wangu akajibu.

"Wangu siujui? Wangu una matuta ya rangi. Niliipaka nene makusudi, nikijua nitakuja kuutazama kwa vidole. Huu ni mtupu."



Mdogo wangu akaniangalia. Aliniachia mimi nijibu.

Na mimi, mwanamume mzima mwenye ndevu... nikashindwa kukiri!

Mama akasikia nyayo zangu.

"Mwanangu, umerudi? Afadhali. Hebu nitafutie ule wangu, wewe una macho."

"Sawa, mama."

Nikaingia chumbani, nikaanza kufungua droo na kuzifunga kwa kelele, ili asikie natafuta.

Jamani, hasira hasara. Ukimshuku mtu, muulize, kisha umsikilize mpaka amalize sentensi. Mimi nilimkata ndugu yangu kauli kwa sababu ya vanishi.

Jitu lilishinda zawadi ya rangi bora. Mdogo wangu ananipita kama mlango, hata salamu hakuna.

Na mama hajaniuliza tena. Anadhani mtambo wake umeibwa, na anamwomba Mungu amsamehe aliyeuchukua.